Aikoni Zinapotoweka: Kompyuta za Vyama na Dalili Zisizopimwa

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Nshambya, Bukoba



Hapana karani wa mizani katika wilaya za Bukoba na Muleba asiyejua tofauti iliyopo baina ya mshale wa mizani na kahawa iliyomo guniani. Mshale ukikwama kwenye sifuri hali gunia limetundikwa, mkulima hatakubali kuambiwa kwamba gunia lake ni tupu. Atawaita wenzake, mizani itatazamwa, na ikibidi gunia litapelekwa kwenye mizani nyingine. Kadhalika mshale ukionyesha kilo 60 hali ndoana haina kitu, hapana karani mwaminifu atakayemwandikia mtu kilo hizo. Mshale ni dalili ya uzito. Si uzito wenyewe. Jambo hili limekwisha kuzoeleka hata halihitaji kufundishwa.

Lakini busara hiyo aghalabu huishia nje kwenye mizani, haiingii ofisini, mezani palipo na kompyuta. Huko ndani dalili huaminiwa bila ya kupimwa. Mazungumzo haya yahusu dalili moja ndogo sana ya kompyuta, pengine ndogo kuliko punje ya kahawa, pamoja na hasara inayoweza kukipata chama pindi dalili hiyo inapoondoka pasipo taarifa.

Mtu akiketi mbele ya kompyuta ya ofisi na kutazama pembe ya chini, upande wa kulia wa skrini, ataiona saa. Kando ya saa hiyo pana safu ya alama ndogo ndogo ziitwazo aikoni. Mojawapo huenda ikawa ngao ya programu ya kukinga virusi; nyingine wingu la programu inayopeleka nakala za mafaili nje ya ofisi; nyingine betri, spika au alama ya mtandao. Safu hii ilienea duniani kuanzia mwaka 1995, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilipoanza kuuza Windows 95, tarehe 24 Agosti. Tangu hapo ikawa desturi programu kufanya kazi yake chinichini, dirisha lake likiwa limefungwa, na kuacha alama tu kando ya saa ili mwenye kompyuta ajue kwamba ipo.

Yafaa kutambua kwamba aikoni hizi, japo zimekaa safu moja, si za daraja moja. Zipo ambazo ni njia ya mkato tu. Waliotumia programu ya OpenOffice katika Windows miaka ya 2000 watakumbuka alama yake kando ya saa, ambayo kazi yake ilikuwa kuiweka programu tayari ili ifunguke upesi. Alama ile ikiondoka hapakuwa na hasara ila kungoja kidogo. Zipo nyingine ambazo ni taarifa: rangi yake ikibadilika au ikitiwa alama ya mshangao, mtu hujua kwamba kuna jambo limeharibika. Hizo zikiondoka, kazi huendelea, lakini huendelea gizani. Na zipo za namna ya tatu, ambazo ndizo za kuogopwa: aikoni ambazo ndizo mlango pekee wa programu yenyewe. Programu ya namna hiyo haina dirisha la kudumu. Mwenye kompyuta akitaka kuisimamisha, kubadili neno lake la siri, au kuiuliza nakala ya mwisho ilikwenda lini, hana budi kubonyeza aikoni. Alama hiyo ikitoweka, programu hubaki kama mtu aliyefungiwa chumbani: yumo na anafanya kazi, lakini hapana wa kumwuliza neno wala yeye hana pa kujibia.

Hutowekaje basi? Njia ya kwanza ni ya kila siku na haina mkosaji. Kompyuta kuukuu, umeme ukisha kurudi na mashine ikawashwa, huanzisha programu nyingi kwa mara moja. Programu hupeleka ombi la kuwekewa aikoni kwenye mwambaa ulio chini ya skrini. Mwambaa wenyewe ukiwa bado haujawa tayari kupokea, ombi laweza kupotea. Programu iliyotengenezwa vizuri hurudia ombi. Iliyotengenezwa kwa haraka hairudii, nayo huendelea na kazi bila kuonekana. Vivyo hivyo mwambaa ukianguka katikati ya kazi na kujiinua wenyewe, jambo linalotokea hasa katika mashine zenye kumbukumbu ndogo, mfumo hutoa tangazo kwa programu zote kwamba mwambaa umezaliwa upya. Programu inayolisikiliza tangazo hilo hurudisha alama yake. Isiyolisikiliza hukaa bila alama mpaka kompyuta izimwe na kuwashwa. Mkoa wa Kagera, ambao kwa miaka mingi ulitegemea umeme uletwao kutoka Uganda kwa njia ya Masaka, unajua vya kutosha habari za kompyuta kuzimika ghafula na kuwashwa tena mara nyingi kwa siku.

Njia ya pili ni uamuzi wa watengenezaji, na hiyo ndiyo yenye uzito zaidi, kwa kuwa hairekebishwi kwa kuwasha mashine upya. Katika Windows Vista ya mwaka 2007, programu zinazojiendesha nyuma ya pazia zilitengwa na meza ya mtumiaji kwa ajili ya usalama. Baadhi yake zilikuwa zikichomoza aikoni moja kwa moja kutoka huko nyuma. Tangu siku ile hazikuweza tena, mpaka zilipoundwa upya. Windows 7, iliyotoka mwaka 2009, haikuondoa aikoni, ila ilizificha nyingi nyuma ya mshale mdogo, kwa hoja kwamba safu ilikuwa imejaa mno. Desturi hiyo imeendelea hadi Windows 11, ambayo ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021. Katibu ambaye hajapata kuubonyeza mshale ule huenda hajui hata idadi ya programu zilizo kazini katika mashine yake.

Upande wa Linux, mfumo unaopatikana bila malipo, mabadiliko yalikuwa makali zaidi. Meza iitwayo GNOME, inayotumika katika matoleo mengi ya Linux, ilibadilishwa sura mwaka 2011, na aikoni za zamani zikasukumwa pembeni. Mwaka 2015 ziliwekewa kisanduku kidogo kilichojificha chini kushoto. Mwezi Septemba 2017, katika toleo la 3.26, kisanduku hicho nacho kiliondolewa, na aikoni za namna ya kale hazikuwa tena na mahali pa kukaa. Ubuntu, iliyokuwa na meza yake yenyewe, ilianza mwaka 2011 kwa kuruhusu aikoni za programu chache zilizoandikwa katika orodha, kisha mwaka 2013 orodha hiyo ikafutwa. Iliporudi kutumia GNOME mwezi Oktoba 2017, Ubuntu iliongeza kiraka cha kuziwezesha aikoni kuonekana. Fedora haikukiweka kiraka cha namna hiyo katika toleo lake la kawaida. Anayekitaka hukitafuta mwenyewe.

Watengenezaji wa GNOME walitoa sababu, na haki yataka zisemwe. Aikoni za kale katika Linux ziliwekwa kwa njia ya programu moja kukipachika kidirisha chake ndani ya programu nyingine. Njia hiyo ilikuwa dhaifu: kidirisha kilichopachikwa kiliweza kuharibu sura ya mwambaa mzima, kila programu ilijibu mibonyezo kwa namna yake, na mpango mpya wa uchoraji wa skrini uitwao Wayland hauna nafasi ya upachikaji wa aina ile. Aidha, kampuni nyingi zilikuwa zimeigeuza pembe ya saa kuwa ubao wa matangazo. Yote hayo ni kweli. Lakini mtu akibomoa daraja bovu kabla ya kujenga jingine, hata kama hoja yake ni sahihi, watu wa ng'ambo hubaki ng'ambo. Ilikuwapo njia mpya, ambayo programu hupeleka ujumbe tu na mwambaa wenyewe huchora alama. Wenzao wa meza ya KDE waliianzisha. Ila programu nyingi zilizokwisha kutengenezwa hazikuifuata, na wengi wa watengenezaji wake walikuwa wamekwisha kuhamia kazi nyingine. Gharama ikawaangukia watumiaji.

Hata viraka navyo si vya kutegemea moja kwa moja. GNOME hutoa toleo jipya kila baada ya miezi sita, na kiraka kilichotengenezwa kwa toleo lililopita chaweza kukataliwa na toleo linalofuata. Toleo la 45, la Septemba 2023, lilibadili namna ya kuandika viraka hivyo, hata ikalazimu kila kimoja kifanyiwe marekebisho ndipo kikubalike. Mwenye kompyuta aliyesasisha mfumo wake usiku akiwa na aikoni aliweza kuamka asubuhi hana.

Yawezekana mwanachama akauliza: mambo haya ya pembe ya skrini yanamhusuje mkulima wa migomba na kahawa? Yanamhusu kwa sababu ya jambo lililotukia tarehe 14 Oktoba 2025. Siku hiyo ulikwisha muda wa matengenezo ya kawaida ya Windows 10. Mashine iliyo na mfumo huo haizimiki, hufanya kazi kama jana, ila mianya ya usalama inayogunduliwa baada ya hapo haizibwi isipokuwa kwa mpango maalumu wa nyongeza. Windows 11 nayo haikubali kila mashine: yadai kichakataji kisicho cha zamani na kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0. Kompyuta iliyonunuliwa kuukuu, au iliyotolewa msaada baada ya kutumika miaka mingi kwingine, mara nyingi haina sifa hizo. Ndipo fundi anapokuja na shauri ambalo kwa upande mmoja ni zuri: iwekwe Linux, ambayo haina ada na hukubali mashine za zamani. Shauri hilo laweza kuiongezea kompyuta ya chama miaka mitano ya uhai. Lakini fundi huyo aseme pia, na asiposema aulizwe, kwamba programu zilizokuwa zikijionyesha kando ya saa huenda zisijionyeshe tena, na kwamba zile zilizotengenezwa kwa ajili ya Windows pekee huenda zisifunguke kabisa.

Na achukuliwe, kwa mfano, katibu meneja wa chama chenye kompyuta moja. Anayo leja ya wanachama katika jedwali la kompyuta, yenye majina, kilo zilizopokewa, malipo ya awali na salio la malipo ya pili. Aliwekewa programu ya kunakili jedwali hilo kila jioni na kulipeleka nje kwa mtandao, na aikoni ya wingu ilikuwa ikimwonyesha kwamba nakala imefika. Mfumo unabadilishwa. Kesho yake wingu halipo.

Katibu huyu anaweza kukosea kwa namna mbili zilizo kinyume, na zote mbili hutokana na kuisadiki dalili. Ya kwanza ni kudhani kwamba programu imekufa. Kwa hiyo anaifungua tena. Programu iliyoundwa kwa uangalifu hutambua kwamba mwenzake yumo na hukataa kuanza mara ya pili. Isiyo na uangalifu hufunguka, na sasa ziko mbili zikilishughulikia faili moja, kila moja ikiandika juu ya kazi ya mwenzake. Au anaiondoa na kuiweka upya. Akiiweka upya, huulizwa ni folda gani ihifadhiwe, naye kwa haraka huchagua folda mpya iliyo tupu. Kuanzia jioni hiyo programu itapeleka utupu huo kwa uaminifu mkubwa, siku baada ya siku, na zipo programu za kulinganisha mafaili ambazo zikiona faili limeondoka ofisini huliondoa na kule lilikohifadhiwa.

Kosa la pili ni kudhani kwamba programu ni hai, hali imekwisha kufa. Wingu halionekani, lakini fundi alisema kwamba katika mfumo mpya halionekani hata likiwa zima. Basi katibu anatulia. Kumbe programu ilikoma siku ile ile mfumo ulipobadilishwa. Mfano wa wazi ulitokea duniani kote mwaka 2021, kampuni ya Google ilipoifunga programu yake ya kunakili mafaili iitwayo Backup and Sync. Tarehe 1 Oktoba ya mwaka huo programu ile ilikoma kufanya kazi, na kila aliyetaka kuendelea alipaswa kuhamia programu nyingine. Taarifa zilitolewa mapema, ndiyo. Lakini zilitolewa kwa ajili ya mtu anayefungua dirisha na kusoma. Katika mashine ambayo aikoni ilikuwa imejificha nyuma ya mshale, palikuwa na nafasi kubwa ya mtu kuendelea na kazi akiamini kwamba nakala zinakwenda.

Hasara haidhihiriki siku hiyo. Hudhihirika siku diski ya kompyuta inapoharibika, na diski haichagui mwezi wa mapumziko. Msimu ukiwa umepamba moto, magunia yamejaa ghalani, wanachama wanangoja hesabu, ndipo mashine inapogoma. Nakala ikitafutwa, iliyopo ni ya miezi minne nyuma. Kilo za miezi minne hazimo. Mwanachama mwenye stakabadhi mkononi ataonyesha stakabadhi yake na atalipwa haki yake. Yule ambaye stakabadhi yake ililoa mvua, au ilibaki kwa marehemu mumewe ndani ya sanduku ambalo ndugu wa mume wamelichukua, huyo hana pa kushika. Hilo ndilo linaloshindaniwa hapa.

Mkoani Kagera kuna desturi mbaya iitwayo butura, ya mlanguzi kumnunulia mkulima mwenye shida kahawa ikingali maua. Serikali na vyama vimeipiga vita kwa miaka mingi, kwa kuwa anayeuza maua hulipwa bei ya maua. Chama kinachohesabu aikoni kuwa ni nakala kinafanya butura ya namna yake: kimepokea ua na kuandika kwamba kimepokea tunda.

Tena haifai kudhaniwa kwamba aikoni iliyopo ni salama kwa sababu tu ipo. Katika miaka ya 2008 na iliyofuata zilienea programu za ulaghai zilizochora ngao bandia kando ya saa, zikitangaza kwamba mashine imejaa virusi na kumtaka mwenyewe alipe fedha ili zitolewe. Ngao ilikuwapo, iling'aa, na ilikuwa mwizi. Vyama vilivyozoea kupokea mafaili kwa flashi kutoka mikono mingi vina sababu ya kulikumbuka jambo hili.

Lipo pia suala la lugha, ambalo watengenezaji wa mbali ni nadra kulifikiria. Aikoni haina maneno. Kwa mtu asiyesoma Kiingereza kwa wepesi, wingu la kijani na wingu jekundu husema yote yanayohitajika. Watengenezaji wanapoiondoa alama na kuweka mahali pake arifa ya maandishi, inayochomoza kwa sekunde chache kwa Kiingereza na kupotea, anayejua lugha hiyo hapungukiwi na kitu, lakini karani wa chama hubaki na kitufe cha kufungia tu, nacho hukibonyeza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kazi ya maana mwaka 2004, ilipotolewa tafsiri ya Kiswahili ya OpenOffice iliyopewa jina la Jambo OpenOffice. Microsoft nayo baadaye ilitoa tafsiri ya Kiswahili ya Windows. Kazi hizo zilionyesha kwamba kompyuta yaweza kusema na mtu kwa lugha anayoielewa. Chama kinachoweka mfumo mpya na kiulize kwanza kama upo uwezekano wa kuuweka kwa Kiswahili; pasipokuwapo, maonyo makuu matatu au manne ya programu ya nakala yaandikwe kwa Kiswahili katika karatasi na kubandikwa ukutani, kando ya maneno yenyewe ya Kiingereza kama yanavyoonekana kwenye skrini.

Wapo wanaosema kwamba habari za programu za ofisini zimepitwa na wakati, kwani Tume ya Maendeleo ya Ushirika imeleta mfumo wa MUVU, yaani Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, unaotumika kwa njia ya mtandao. Ni kweli kwamba mfumo unaofunguliwa kwa kivinjari hauhitaji aikoni kando ya saa. Lakini kivinjari chenyewe ni programu iliyomo ndani ya mashine ile ile. Kivinjari cha Chrome kilikoma kutoa matoleo mapya kwa Windows 7 mwaka 2023, baada ya toleo la 109, na kila mwaka unaopita kurasa zinazokataa vivinjari vya kale huongezeka. Isitoshe, kazi inayotangulia kuingizwa katika mfumo, yaani hesabu za siku, rasimu za taarifa, barua na mihtasari ya mikutano, bado hukaa katika kompyuta ya chama.

Kuhusu matendo, mengi hayadai fedha. Aikoni isipoonekana, katibu asiifungue programu upya kabla ya kutazama mahali pawili. Kwanza aubonyeze mshale mdogo ulio kando ya saa. Huenda alama imejificha tu, na katika Windows yaweza kuburutwa kutoka mafichoni na kurudishwa kwenye mwambaa. Pili, abonyeze kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha lenye orodha ya programu zote zilizo kazini, zenye aikoni na zisizo nayo. Jina la programu likiwamo, programu ipo hai na tatizo ni la alama peke yake. Lisipokuwamo, imekufa, na hapo ndipo ifunguliwe. Katika Linux ipo programu ya kutazamia mfumo inayotoa orodha kama hiyo.

Lakini hata orodha hiyo ni dalili tu, japo ni dalili bora. Kipimo chenyewe ni kimoja: nakala ifunguliwe. Ifunguliwe katika mashine nyingine, ya chama jirani, ya ofisi ya kata au ya mjumbe wa bodi aliye na kompyuta, mbele ya mtu wa pili, kisha itafutwe stakabadhi ya mwisho iliyoandikwa jana na namba yake ilinganishwe na kitabu. Ikionekana, nakala ipo. Isipoonekana, hakuna nakala, hata wingu liwe kijani namna gani. Kazi hii haipiti nusu saa, na wakati wa msimu yafaa ifanywe kila wiki. Kwa kuwa faili hilo lina majina na fedha za watu, na nchi inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nakala iliyofunguliwa kwenye mashine ya jirani ifutwe baada ya kukaguliwa.

Mfumo wa kompyuta usibadilishwe katikati ya ununuzi wa kahawa. Hili laonekana kuwa dogo, lakini fundi huja anapoitwa, na huitwa mashine inaposumbua, nayo husumbua zaidi inapofanyishwa kazi nyingi. Bodi iweke wakati wa kazi hiyo baada ya msimu kufungwa, na fedha zake ziingizwe katika makisio yanayopelekwa mbele ya Mkutano Mkuu, badala ya kuchotwa katika fungu la dharura. Vyama vinavyokaribiana vikubaliane kimoja kitangulie. Kibadilishe mfumo, kitumie mwezi mzima, na makatibu wa vyama vingine waje watazame nini kimepotea. Uzuri wa ushirika ni pamoja na huo wa kutolazimika kila mtu kuanguka katika shimo lile lile.

Anayeuza programu naye aulizwe maswali kabla hajalipwa. Je, programu yaweza kufunguliwa kwa njia nyingine isiyokuwa aikoni? Huandika wapi kumbukumbu ya kazi yake, ili mkaguzi aweze kuona tarehe ya kila nakala? Mtengenezaji ametoa toleo jipya lini mara ya mwisho? Mafaili yake yasomeka na programu nyingine? Muuzaji akicheka maswali haya, atafutwe mwingine. Swali la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na Serikali mwaka 1976, sheria ya mwaka 1982 ikafungua njia ya kuvirejesha, na leja iliyoandikwa kwa wino kabla ya hayo yote, maadamu mchwa hawakuifikia, yasomeka leo na yeyote ajuaye kusoma. Faili la kompyuta halina ukarimu huo. Likifungwa katika programu moja tu, maisha yake ni maisha ya programu hiyo.

Kwa sababu hiyo kitabu cha mapokezi na leja ya karatasi visiachwe hata pale kompyuta inapokwenda vizuri. Wapo vijana wenye elimu wanaoona kuandika mara mbili ni ushamba. Waonyeshwe mahali zilipo stakabadhi za msimu uliopita, na waombwe wazitafute katika kompyuta pasipo umeme.

Limebaki jambo la makabidhiano. Katibu anapoondoka, hukabidhi funguo, muhuri, vitabu na fedha taslimu, na vyote huandikwa. Programu za kompyuta hazikabidhiwi, kwa kuwa hazionekani, na anayezijua ni yeye peke yake. Pawepo ukurasa mmoja wenye jina la kila programu inayofanya kazi chinichini, toleo lake, kazi yake, jinsi ya kuifungua pasipo aikoni, mahali nakala zinakopelekwa, na tarehe ambayo nakala ilifunguliwa na kusomwa mara ya mwisho, pamoja na majina ya wawili walioshuhudia. Maneno ya siri yasiandikwe humo. Yakae katika bahasha iliyofungwa ndani ya sefu. Ukurasa huo utunzwe katika daftari lile lile lenye namba za mizani ya chama na tarehe zilizokaguliwa na Wakala wa Vipimo, nao mkaguzi wa hesabu akija aonyeshwe vyote viwili kwa pamoja.